Nukta Tisa Kando ya Mstari wa Nne

Kapsoya, Eldoret
Jumapili, saa za kanisa ambalo sikwenda

Baba yangu mpendwa,

Barua yako ilinifikia Ijumaa na nimeisoma mara tatu. Kwanza niambie goti linaendeleaje, na uniambie ukweli, usiniandikie "najikokota vizuri" kama kawaida yako. Mama presha yake imeshuka? Anameza dawa, au bado anazificha kwenye kopo la majani chai akingoja augue ndipo ameze? Mwambie mvua huku imeanza, na watu wa upande wa Ainabkoi wanapanda, wale waliobaki na mahali pa kupanda. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nafundisha, nasahihisha mitihani. Roho ndiyo nimeshindwa kuituliza, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unaniambia kwamba ile barua yangu ya mwezi wa pili uliisoma kanisani mbele ya watu wote, baada ya matangazo. Kwamba Mama alilia, na katekista akasimama akasema hiyo ndiyo Kenya tunayoitaka. Kisha unaniuliza, kwa furaha kabisa, kama ule ubao bado upo na kama semina zetu zinaendelea. Baba, nilipofika hapo niliiweka barua mezani nikatoka nje kwenye baridi, nikasimama mpaka jirani akaniita akidhani nimefungiwa mlango. Nimekasirika. Nimekasirika na idara yangu, nimekasirika na wewe, na zaidi ya wote nimejikasirikia mwenyewe. Kwa hiyo kaa kwenye kiti chako, mwite Mama naye akae, niwaeleze habari za ule ubao tangu mwanzo. Ile mara ya kwanza nilieleza nusu, tena ile nusu iliyonipendeza.

Unajua semina yetu ni kila Jumatano saa nane mchana, katika kile chumba cha ghorofa ya pili chenye ubao mrefu. Walimu wa hesabu tulikuwa kumi. Tunapeana zamu, na mwenye zamu anasimama kutuonyesha kazi anayoifanya, bila karatasi mkononi, ana chaki tu. Tuna taratibu zetu ambazo hakuna aliyeziandika popote. Mtu akiona kosa kwenye kazi ya mwenzake hapigi kelele. Anainuka, anachukua chaki, anatia nukta moja kando ya mstari wenye kosa, anarudi kuketi kimya, na mwenye kazi anatafuta mwenyewe amekosea wapi. Utaratibu wa pili ni kwamba hakuna anayemfutia mwenzake ubao. Aliyemaliza ndiye anayefuta. Kama hujamaliza unaandika USIFUTE pembeni, unalizungushia kisanduku, na hata Profesa, mwenyekiti wetu wa idara, haruhusiwi kugusa mpaka zamu yako irudi. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiandika hivyo kwenye ubao wa darasa la saba, na ole wake aliyegusa.

Jumatano ya mwisho kabla ya uchaguzi zamu ilikuwa ya Daktari Njoroge. Ndiye yule rafiki yangu niliyekuandikia habari zake, tulioajiriwa mwaka mmoja tukapewa ofisi moja yenye dirisha lisilofungika. Yeye ananiita Mama Omena, kwa wale dagaa wa kwetu, mimi namwita Baba Mukimo, kwa kile chakula cha kwao Wakikuyu, na siku ambayo hatujataniana ujue mmoja wetu ni mgonjwa. Mke wake, Mama Shiru, alikuwa akitupikia mandazi ya semina kila wiki bila kuombwa na mtu. Njoroge alikuwa akiingia na ndoo ndogo ya plastiki iliyofunikwa kwa kitambaa, na hesabu haikuanza kabla ndoo haijafunguliwa.

Siku hiyo alikuwa akituthibitishia jambo kuhusu mitandao. Nitakueleza kwa ufupi kwa kuwa utauliza. Chukua vituo kadhaa na njia zinazoviunganisha. Njoroge alisema kwamba mtandao ukitimiza masharti fulani matatu, hata ukikata njia moja yoyote, bado mtu anaweza kutoka kituo chochote na kufika kingine. Ilikuwa kazi yake ya miaka minne. Na usianze kutafuta mafumbo humo, Baba, najua unavyoyapenda. Ni hesabu tu. Sasa Njoroge ni mtu wa maneno mengi, muda ukamwishia katikati. Akaandika USIFUTE, akalizungushia kisanduku, akatugeukia.

"Tutamalizia January," akasema. "Na msikuje mmeshiba Christmas mkaanza kusinzia. Part two ndiyo tamu."

Yaliyofuata baada ya matokeo ya uchaguzi uliyasikia redioni, Wakikuyu wakichomewa nyumba na kufukuzwa. Munyaka, mtaa aliokuwa akiishi Njoroge, ni jirani kabisa na huku Kapsoya. Niliona moshi nikiwa naanua nguo kwenye kamba. Nikampigia simu, nikaambiwa mteja hapatikani. Nikapiga mpaka salio likaisha, na kadi za simu zilikuwa zimeadimika. Siku ya tatu mwenye duka la hapa getini, yule mzee Msomali ninayenunua kwake unga, aliniita kupitia nondo za dirisha lake.

"Dakitari, rafiki yako ule wa mandazi ako showground na familia," akaniambia. "Nyumba hakuna. Lakini watu wote wako."

Watu wote wako. Showground, ule uwanja wa maonyesho ya kilimo, ulikuwa umegeuzwa kambi ya waliokimbia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, pale pale dukani. Kisha nikarudi ndani nikafunga mlango kwa komeo.

Jioni hiyo ndipo uliponipigia wewe. Nakumbuka maneno yako yote. "Atieno, wewe huko ni mgeni kama wageni wengine. Usijiingize. Ukionekana na hao watu utaulizwa wewe ni wa nani. Kaa ndani mpaka mambo yapoe." Na mimi, mwanamke wa miaka thelathini na sita, nikasema ndiyo Baba. Nimekukasirikia kwa hilo na sitakuficha. Wewe Mjaluo uliyekwenda kuoa Mluhya wa Mumias ndugu zako wakakuona kichaa! Wewe na Mama mlioamua nyumba yetu itazungumza Kiswahili ili mezani pasiwe na mgeni! Wewe ndiye wa kuniambia nikae ndani?

Lakini ngoja nimalize, nisikubebeshe peke yako. Wewe ulikuwa mbali, ulikuwa unaogopa tu kama mzazi. Mimi nilikuwa hapa, na nililijua jambo ambalo wewe hukulijua. Watu wa kwetu hawakuwa wanaguswa mtaani humu wiki ile. Vijana waliofunga barabara kwa vizuizi walikuwa wakichukua kitambulisho changu, wanasoma jina, wananirudishia na kunipungia mkono nipite. Mmoja aliniita "mum". Kwa hiyo hukunizuia wewe. Ulinipa tu kisingizio ambacho nilikuwa tayari nakitafuta, nikakipokea kwa mikono miwili.

Chuo kilipofunguliwa na Jumatano ikafika, tulikutana watu tisa. Ubao ulikuwa kama tulivyouacha. Nusu ya kushoto yote ilikuwa mwandiko wa Njoroge, ule wa kuinamia mbele, na neno lake kwenye kisanduku. Hakuna aliyejua atazame wapi. Profesa akasimama, akakohoa.

"Wenzangu, tumepitia mambo magumu," akasema. "Lakini hesabu haina kabila. Sisi ni academics, let us continue. Hiyo side ya Njoroge itabaki vile iko mpaka arudi. Hakuna mtu kugusa."

Tulipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote, machozi yakanilengalenga, nikaona kweli sisi ni watu. Ndiyo habari niliyokuandikia ukaenda kuisoma kanisani. Kwa muda wote huo tumekuwa tukibanana kwenye nusu ya kulia, tukiandika herufi ndogo ndogo, na kila mgeni aliyefika tulimweleza kisa cha ubao. Mmoja kutoka chuo kingine aliomba apigwe picha kando yake. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, haya, nani anakwenda showground? Ni boda boda moja, Baba. Unapanda, unashuka, umefika. Na nikukiri jambo lingine la aibu: Jumatano ile ya kwanza nilipoingia chumbani, macho yangu yaliitafuta ndoo ya mandazi kabla hayajamtafuta mwenye ndoo.

Halafu sikiliza tulichofanya. Wiki ya tatu au ya nne, mmoja wetu alikuwa ameuchoka mhadhara wa siku hiyo, akawa anausoma upande wa Njoroge kujipitishia muda. Mara akainuka katikati ya maneno ya mwenzake, akachukua chaki, akatia nukta kando ya mstari wa nne. Sote tukageuka. Kweli, palikuwa na kosa. Njoroge alikuwa amechukulia kwamba vituo vyote vimeungana tangu mwanzo, na hakulisema hilo popote. Ukimpa mtandao ambao tangu mwanzo ni vipande viwili, uthibitisho wote unaanguka. Jumatano iliyofuata wa pili akatia nukta yake, kisha wa tatu, kisha mimi. Tulimsahau kabisa mwenye zamu. Tulibishana saa nzima kama mstari wa nne unaweza kuokolewa, Profesa akipiga meza, watu wakinyang'anyana chaki. Tulikuwa na furaha, Baba! Miezi hiyo yote hatukuwa tumechangamka vile. Mwishowe nukta zilikuwa tisa zimepangana kando ya mstari ule, na hakuna aliyekuwa hajatia yake.

Sasa nije kwa Mama Chebet. Huyu ni mama anayesafisha ghorofa yetu, Mkalenjin, mtu wa huku huku, kwao ni hapa nje ya mji. Profesa alikuwa amempa amri asiguse upande wa kushoto, na kila asubuhi alifuta nusu ya kulia kwa kitambaa chenye maji, polepole, akiushika ukingo kwa kidole asije akateleza. Asubuhi moja alikuja kufagia ofisini kwangu, akasimama na fagio mkononi.

"Dakitari, mimi nilienda kuona Mwalimu Njoroge."

"Ulienda wapi?"

"Si huko showground. Nilipelekea watoto maziwa. Huyo mdogo anakohoa sana, hiyo tenti inaingiza maji. Sasa nimeenda mara tatu."

Nikamuuliza kama haogopi watu wa kwao wakimwona.

"Wameniona," akasema. "Wakaongea. Wataongea mpaka wachoke." Akafagia chini ya meza ya Njoroge, ambayo mimi nilikuwa nimeigeuza mahali pa kurundika karatasi za wanafunzi. Kisha akasema, "Aliniuliza kama ubao yake iko. Nikamwambia iko. Akauliza tena kama kuna mtu wa hapa anakuja. Nimwambie nini?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi, Baba. Mlango ulikuwa wazi. Ningesema, mwambie nakuja leo. Ningechukua mkoba wangu tukaondoka pamoja. Badala yake nikamwambia Mama Chebet asubiri kidogo. Nikachana karatasi kwenye daftari, nikaandika, na nitakuandikia neno kwa neno kwa kuwa nimeyakariri:

"Njoroge, habari. Mstari wa nne una shida. Umechukulia vituo vyote vimeungana tangu mwanzo. Tazama mfano huu. Fikiria namna ya kurekebisha. Tunakusubiri. Atieno."

Chini yake nikachora vituo saba, vitatu upande huu, vinne upande ule, na katikati hakuna njia. Nikaikunja ile karatasi mara nne, nikampa.

Nilifurahi! Usinicheke, au nicheke tu. Siku hiyo nilijiona mtu mwema. Nilijiambia nimemheshimu, nimemtendea kama mwanahesabu mwenzangu na si kama mtu wa kuhurumiwa. Mtu amekaa kwenye hema linalovuja na mtoto anayekohoa, na mimi namtumia kosa lake. Ulinilipia karo kwa kuuza ng'ombe wawili ili nije kuwa mjinga wa namna hiyo. Mama Chebet aliporudi aliniambia, "Amesoma, akanyamaza." Nikadhani anaifanyia kazi.

Jumatano iliyopita zamu ilikuwa ya Profesa mwenyewe. Alikuwa katikati ya maneno mlango ulipofunguliwa, akaingia Njoroge. Amekonda. Alikuwa amevaa koti la mtu mwingine, mikono ya koti ikimwishia juu ya vifundo vya mikono. Tuliinuka wote, viti vikaanguka, tukamshika mikono, tukampigapiga mabega. Profesa alimvuta mpaka mbele ya ubao kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba yake mpya.

"Karibu nyumbani, Daktari! Ona mwenyewe. Hatujafuta. Hatukuruhusu mtu yeyote aguse."

Njoroge aliusogelea ubao. Kisha akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu nukta kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka tisa.

"Kumbe ni department yote," akasema.

Mtu mmoja nyuma alicheka, akidhani Njoroge wetu wa utani amerudi. Mimi pia nilitabasamu, Mungu anisamehe.

"Hii line ya nne ilikuwa mbaya tangu December," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Niliiona nikiwa kwa foleni ya uji, siku ya pili tu ya kufika kambi. Na nikaona vile itatengenezwa. Nikasema mtu wa kwetu hapa akikuja, nitamwonyesha. Nikangoja."

Akatia mkono mfukoni mwa lile koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliijua kabla hajaikunjua.

"Halafu nikapata barua. Daktari Atieno alinitumia." Hakuniita Mama Omena. "Mama Chebet alinipatia nikiwa nimekaa na bibi yangu. Tulikuwa hatujapata barua ya mtu tangu tutoke kwa nyumba. Mama Shiru akaita watoto. Akaniambia, soma kwa sauti, hata hawa wasikie."

Aliikunjua ile karatasi, akaitazama.

"Nikasoma. Nilipomaliza, Mama Shiru akaniuliza, sasa wanasema nini? Nikamwambia, wanasema niko na makosa kwa line ya nne."

Profesa alifungua mdomo. Akasema mambo ya usalama, kwamba barabara zilikuwa mbaya, kwamba hatukuwa na uhakika, kwamba situation ilikuwa sensitive.

"Prof, kutoka hapa mpaka showground ni wapi?" Njoroge akamuuliza. "Mama Chebet aliijua njia. Hakuwa na Ph.D."

Akachukua dasta. Sote tulielewa anataka kufanya nini, kwa maana kwetu aliyemaliza ndiye anayefuta. Profesa akainua mkono kumzuia. "Hapana, subiri kidogo, Daktari. Hapo pameandikwa usifute."

"Niliandika mimi," akasema Njoroge.

Alianza na lile neno na kisanduku chake. Kisha akafuta mistari kuanzia chini kwenda juu, bila haraka, mpaka zikabaki nukta zetu tisa tu ubaoni, haziko kando ya kitu chochote. Halafu akazifuta hizo pia. Akatuambia amepata kazi ya kufundisha sekondari huko Nyahururu, karibu na kwa kaka wa mke wake, na kwamba alikuwa amekuja tu kuchukua vyeti na vitabu vyake ofisini. Aliiweka karatasi yangu kwenye ukingo wa ubao, pale panapowekwa chaki, akatoka. Alikuwa na maboksi mawili ya vitabu huko kwenye korido. Moja alilibeba yeye, na la pili lilibebwa na Mama Chebet. Sisi tisa tulibaki tumesimama. Hata boksi tulishindwa kubeba.

Na unajua Profesa alisema nini mlango ulipofungwa? Alisema, "Basi, tuendelee." Akachukua chaki akaandika upande wa kushoto, kwa herufi kubwa, kwa kuwa sasa kulikuwa na nafasi. Nilichukua ile karatasi yangu nikatoka. Tangu siku hiyo sijazungumza na mtu wa idara zaidi ya habari ya asubuhi, na Jumatano hii zamu ni yangu na nimewaambia sina la kuwaonyesha. Wamesema nina hasira. Ndiyo, ninazo! Tulilinda chaki ya mtu miezi mitatu, mtu mwenyewe tukamwacha kwenye matope, halafu tukataka atushukuru. Nashindwa kukaa nao chumba kimoja, na ninashindwa zaidi nikifika nyumbani nikabaki na mimi.

Kwa hiyo nakuomba kitu, na sikuombi kwa upole. Ile barua ya kwanza uliwasomea watu wote. Jumapili ijayo omba nafasi tena baada ya matangazo, uwasomee na hii. Isome yote. Usiruke mahali nilipokutaja wewe, wala usiruke karatasi niliyomtumia Njoroge. Katekista akitaka kusimama aseme kama hii nayo ndiyo Kenya tunayoitaka, mwache asimame.

Mpe Mama salamu zangu na umwambie ameze dawa akiwa mzima. Msalimie dada yangu Akoth, na watoto wake wote wa chekechea, wa kuzaa na wa kufundisha. Msalimie shangazi wa sokoni, mwambie samaki alionitumia niliwala peke yangu nikalia, na si kwa sababu ya pilipili. Salimia jirani yetu fundi wa baiskeli aliyeuliza kupitia barua yako kama huku kuna amani. Mwambie vizuizi vimeondolewa barabarani.

Kuna jambo moja nililokuwa nimekusudia nisikuandikie. Ile karatasi nilipofika nayo nyumbani niliigeuza. Nyuma yake kuna mwandiko wa Njoroge kwa penseli, ule wa kuinamia mbele, umefifia kidogo mahali palipolowana. Amerekebisha mstari wa nne. Ni mistari sita tu, safi kabisa, nimeipitia tangu Jumatano na sijapata mahali pa kutia nukta. Aliifanya akiwa kambini, alipoipata barua yangu, na hakuituma kupitia kwa Mama Chebet. Chini kabisa ameandika: "Mama Omena, ukikuja nitakueleza vizuri. Tenti ni ya tatu kutoka kwa bomba la maji."

Jumamosi naenda Nyahururu, Baba. Usinipigie simu kunikataza.

Ni mimi binti yako,
Atieno